Mwamuzi wa Watoto Naye Ana Macho Mawili Tu



Wiki hii nimeona tuzungumze juu ya mtu mmoja ambaye akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemkumbuka, na akikosea mara moja jina lake hubaki midomoni mwa watu mwaka mzima. Mtu huyo ni mwamuzi wa michezo ya watoto.

Simsemi mwamuzi anayechezesha Simba na Yanga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Huyo ana wasaidizi, ana kamishna wa mchezo, ana polisi wa kumsindikiza akitoka. Namsema mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha hesabu tangu asubuhi, ambaye saa kumi jioni anakabidhiwa filimbi na kuambiwa: mwalimu, chezesha.

Tuchukue mfano, tena tuuchukue Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Wilaya hiyo zamani ilikuwa sehemu ya Rufiji. Upande mmoja ina vijiji vya bara vilivyo kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na upande wa pili ina vijiji vya delta, yaani pale Mto Rufiji unapogawanyika mikono mingi katikati ya mikoko kabla ya kumwaga maji Bahari ya Hindi. Huko delta mtu hasafiri kwa saa ya ukutani. Husafiri kwa maji. Maji yakijaa mtumbwi unapita, maji yakitoka mnakaa juu ya tope mpaka yarudi.

Sasa tuseme ni msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi ambayo huanzia shuleni na kupanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Timu ya watoto wa Kiongoroni au Maparoni imetoka kwao alfajiri kwa kufuata maji. Imeshuka Nyamisati, ikapanda gari hadi Bungu, ikafika Kibiti mjini na vumbi lake. Wanacheza na wenyeji. Dakika zimebaki mbili na matokeo ni sifuri kwa sifuri. Mtoto wa delta anapiga mpira, unapita karibu kabisa na mlingoti na kuishia kwenye nyasi. Goli lenyewe ni boriti mbili na kamba badala ya mtambaa panya. Wavu hakuna. Nusu ya uwanja inashangilia goli, nusu inapiga kelele kwamba mpira umepita nje. Mwalimu mwenye filimbi yuko mita ishirini na tano nyuma, jua linampiga usoni. Ana sekunde moja.

Ndugu msikilizaji, ungekuwa wewe ungesemaje?

Mfano huu ni wa kutunga, lakini kila aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa shule anaujua. Watu wengi hawajiulizi uamuzi wa namna hii hutoka wapi. Hudhani mwamuzi anaijua kweli kisha anachagua kuisema au kuificha. Kwa hiyo akisema tofauti na walivyoona wao, basi amehongwa. La kwamba ameona kwa pembe nyingine haliwajii akilini.

Kuna michezo ambayo kwa asili yake karibu kila tendo ni la kuamuliwa kwa jicho. Mmoja ni besiboli, mchezo wa Wamarekani na Wajapani, ambao hapa kwetu ulianza kufundishwa mashuleni mwaka 2012 kwa msaada wa Wajapani. Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo, na mwaka 2018 kiwanja cha besiboli kilizinduliwa hapo hapo Azania. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani.

Katika mchezo huo mtoto mmoja anarusha mpira, mwenzake mwenye gongo anajaribu kuupiga, na nyuma yao yuko mdakaji. Nyuma ya mdakaji amechuchumaa mwamuzi. Kama mpigaji hakutupa gongo, mwamuzi ndiye wa kusema kama mpira ulipita mahali panapopigika au ulipotea. Mahali penyewe ni dirisha lisiloonekana: upana wake ni kibao cha inchi kumi na saba kilichowekwa chini, na kimo chake ni kuanzia magotini kwa mpigaji hadi katikati ya kiuno na mabega. Mpigaji akibadilika, dirisha nalo hubadilika, maana mtoto mfupi ana dirisha fupi na mrefu ana refu. Mirusho mitatu mizuri ikimpita, mpigaji ametoka. Minne mibaya ikimpita, anapewa kituo cha kwanza bure. Kwa hiyo mwamuzi anatoa hukumu baada ya kila mrusho, juu ya dirisha lisilo na fremu.

Kisha kuna mbio za kwenda kituoni. Mpigaji anakimbia, mpira nao unatupwa kwa mlinzi wa kituo. Kipi kimefika kwanza, mguu au mpira? Jicho haliwezi kutazama vitu viwili vilivyoachana kwa wakati mmoja. Ndiyo maana waamuzi wa besiboli hufundishwa kutazama mguu unapokanyaga kituo na kuusikiliza mpira unapogonga ngozi ya glovu. Jicho linashika kimoja, sikio linashika kingine, na akili inapatanisha.

Msione kwamba hayo ni mambo ya ugenini. Watoto wetu wa kike wanayajua sana katika mchezo wa rede, ambao wengine huuita nage. Wawili wanarushiana mpira wa soksi kuukuu, na mwenzao aliye katikati anaukwepa. Mpira ukimgusa, ametoka. Lakini umemgusa, au umepitia kwenye upindo wa sketi tu? Warushaji wanasema umegusa, aliye kati anaapa haki ya Mungu haujagusa. Hapo pana kesi kamili, sawasawa na ile ya Williamsport.

Hata mpira wa pete, unaochezwa karibu kila shule, umejaa hukumu hizo. Mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, na mwamuzi hana saa ya sekunde hizo ila kuhesabu moyoni. Anayemzuia mwenye mpira lazima akae umbali wa sentimita tisini kutoka mguu wake, na hakuna anayeingia uwanjani na futi kamba.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo penye jambo la kwanza ninalotaka tulishike. Maamuzi ya mwamuzi yako ya aina mbili. Iko hukumu ya jicho, na iko hukumu ya sheria. Mpira ulivuka mstari au haukuvuka, mkono uligusa au haukugusa, aliotea au hakuotea: hizo ni hukumu za jicho. Lakini baada ya kuona, nini kifuatie, penalti au kona, kurudia au kuendelea, hiyo ni hukumu ya sheria, na sheria imeandikwa kitabuni. Kanuni za soka zinasema wazi kwamba uamuzi wa refa juu ya mambo yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho, na kanuni za besiboli zinasema hivyo hivyo. Hakuna kitabu kinachosema kwamba refa anaweza kujitungia sheria.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Septemba 2005 Uzbekistan ilicheza na Bahrain kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Uzbekistan walipata penalti, wakafunga, lakini mchezaji wao mmoja alikuwa ameingia ndani ya eneo kabla mpira haujapigwa. Sheria ilitaka penalti irudiwe. Refa, aliyetoka Japani, akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Jicho lake liliona sawa, ila sheria aliikosea. FIFA ikafuta mchezo huo na kuamuru urudiwe, ingawa Uzbekistan walikuwa wameshinda bao moja kwa bila. Uliporudiwa ulikwisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na mwisho wa yote Uzbekistan wakatolewa.

Sasa linganisheni na Novemba 2009, mjini Paris. Thierry Henry wa Ufaransa aliushika mpira kwa mkono, akampa mwenzake pasi, bao likapatikana na Ireland ikatolewa. Dunia nzima iliuona ule mkono kwenye televisheni. Refa peke yake hakuuona. Waayalandi wakaomba mchezo urudiwe, wakataja kesi ile ya Uzbekistan. FIFA ikakataa. Kwa nini? Kwa sababu refa wa Paris hakukosea sheria. Jicho lake halikufika.

Mtu anaweza kusema hiyo ni dhuluma, na kwa Waayalandi ilikuwa chungu kweli. Lakini fikirini kinyume chake. Kama kila hukumu ya jicho ingeweza kufutwa baada ya mchezo, ni mchezo gani ungekwisha? Watoto wa Maparoni wangerudi kwao bila kujua kama wameshinda au wameshindwa, maana rufaa ingekuwa bado ofisini. Mchezo unahitaji mahali pa kuishia, na filimbi ndiyo hapo mahali.

Lakini, na hili ni jambo la pili, kusema kwamba uamuzi ni wa mwisho si kusema kwamba uamuzi ni sahihi. Mwamuzi anayetaka neno lake liheshimiwe ana wajibu wa kulifanya listahili heshima. Makosa mengi ya jicho yana sababu zinazojulikana, na sababu zinazojulikana zinaweza kupunguzwa.

Sababu ya kwanza ni mahali aliposimama. Wataalamu wa Uholanzi walichunguza washika vibendera, na mwaka 2000 wakaandika katika jarida la Nature kwamba makosa mengi ya kuotea yanatokana na pembe ya kutazamia. Ukitaka kuhakikisha, jaribu nyumbani. Simamisha fito mbili, moja karibu nawe na nyingine mbali, ziwe umbali sawa na ukuta. Ukisimama sambamba nazo utaziona ziko sawa. Sogea hatua moja tu upande wa ukutani: ufito wa mbali utaonekana umeutangulia wa karibu kuelekea ukuta, na hakuna aliyeusogeza. Badili ukuta uwe goli, na fito ziwe beki na mshambuliaji. Mshika kibendera aliyesogea hatua moja mbele ya beki wa mwisho atainua kibendera kwa moyo safi kabisa, na atakuwa amemwonea mtoto.

Sababu ya pili ni kelele. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio moja rahisi. Waliwachukua waamuzi arobaini wakawaonyesha matukio yale yale ya mchezo kwenye video. Wengine waliangalia kimya, wengine waliangalia pamoja na sauti ya watazamaji wa timu ya nyumbani. Wale waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji makosa machache zaidi, kwa asilimia kumi na tano hivi. Hakuna aliyewahonga, hakuna aliyewatisha, na watu wenyewe walikuwa ndani ya chumba. Kelele tu iliwavuta. Je, huyu mwalimu wetu ambaye wazazi wa wenyeji wamemzunguka mpaka wanakanyaga mstari wa chokaa, yeye ni chuma?

Sababu ya tatu wazee wetu waliijua kabla ya watafiti: mwamba ngoma huvutia kwake. Katika michezo ya kata waamuzi ni haba, na mara nyingi anayechezesha ni mwalimu wa shule mojawapo kati ya zile zinazocheza. Hata akiwa mwaminifu kama nini, akiipa shule yake penalti ataambiwa amependelea. Akiinyima penalti ya haki ili aonekane hapendelei, amewadhulumu wanafunzi wake mwenyewe. Mtu huyo amewekwa mahali ambapo hawezi kutenda haki ikaonekana kuwa haki.

Ndugu wasikilizaji, pengine mtauliza: mambo ya watoto haya, yana uzito gani hata tuyazungumze redioni? Kuna mafuriko, kuna bei ya mchele, kuna barabara. Mwaka 2024 Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji, mashamba yakaenda, kaya zikahama. Mpira wa watoto ni nini mbele ya hayo?

Mimi naona una uzito. Mtoto aliyekulia katika kijiji cha delta hana milango mingi ya kutokea. Timu ya wilaya ni mlango mmojawapo. Akichaguliwa anakwenda mkoani, anaonekana, pengine anapata nafasi katika shule yenye michezo, pengine anafika mbali. Kipimo cha kuchaguliwa kwake ni nini? Ni mchezo ule ule unaoamuliwa na jicho la mwalimu mmoja, na ni jicho la mteuzi anayesema huyu anafaa, yule bado. Kwa mtu wa mjini uamuzi mbaya ni habari ya kubishania barazani. Kwa mtoto aliyekuja kwa mtumbwi unaweza kuwa mlango uliofungwa, na asielezwe sababu.

Tena pale uwanjani mtoto anajifunza serikali ni nini. Ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na mtu mwenye mamlaka ambaye si mzazi wake, mwenye kitabu cha sheria, anayetoa hukumu mbele ya watu wote. Akiona kwamba hukumu hubadilika mzee wa kijiji akiingia uwanjani na fimbo, amejifunza somo litakalomfaa ubaya maisha yake yote. Akiona kwamba hukumu husimama hata kama inauma, na kwamba aliyehukumu amejitahidi kuona, amejifunza jingine. Kesho mtoto huyu atakuwa mwenyekiti wa kijiji, au karani wa mahakama, au msimamizi wa kituo cha kupigia kura.

Tazameni pia jambo hili. Watoto wakicheza wenyewe chini ya mwembe, hakuna mkubwa, ugomvi wao hukaa muda gani? Wanabishana, wanasukumana kidogo, kisha mmoja anasema: basi, turudie. Wanarudia, mchezo unaendelea. Wanajua kwamba wakiendelea kubishana giza litaingia na hawatacheza tena. Ubishi mkubwa huanza tunapofika sisi wakubwa na vikombe vyetu, na jezi zetu, na majina ya shule zetu. Anayeingia uwanjani kumkunja refa shati si mtoto wa miaka kumi na miwili. Ni baba yake, au mjomba wake, au mwalimu mkuu.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo machache ambayo hayahitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, mwalimu asichezeshe shule yake. Kama kata ina shule nne na siku hiyo zinacheza mbili, basi filimbi ishikwe na mwalimu wa shule ya tatu na vibendera vishikwe na wa shule ya nne. Kama haiwezekani, makocha wa timu zote mbili wakubaliane mbele ya watoto, kabla mpira haujaanza, kwamba mwamuzi ni fulani na tumemkubali. Ukishamkubali mtu mbele ya watoto wako ni aibu kumkana baada ya bao.

Pili, mstari wa watazamaji uwe hatua tano nje ya mstari wa mchezo. Kamba ya katani na vigingi vinatosha. Kelele hatuwezi kuzizuia, wala si vizuri kuzizuia, maana mpira bila kelele ni mazishi. Lakini kelele ikiwa hatua tano nyuma hairushi mate usoni mwa refa.

Tatu, goli liwe na wavu. Sisemi wavu wa kununua mjini. Delta nzima watu ni wavuvi, na nyavu kuukuu zisizofaa tena kuvulia zipo. Kipande kimoja kilichofungwa nyuma ya boriti mbili kitamaliza nusu ya kesi za goli au si goli, kwa sababu mpira utabaki ndani na kila mtu atauona. Hukumu ngumu za jicho nyingine hutokana na uwanja mbovu kuliko jicho bovu.

Nne, mwenye kusema na mwamuzi awe nahodha wa timu peke yake, na aulize sheria, asiulize jicho. Ana haki ya kuuliza: "Mwalimu, umetoa adhabu gani, na kwa kosa gani?" Hana haki ya kusema: "Mwalimu, wewe huoni." Na mwamuzi naye, kama wenzake wenye vibendera waliona vizuri zaidi, awaendee, awaulize, kisha aamue. Soka inamruhusu kubadili uamuzi maadamu mchezo haujaanza tena. Kumuuliza mwenzako hakukupunguzii cheo.

Tano, tuwafundishe watoto wenyewe kuchezesha. Msichana wa darasa la saba anaweza kushika filimbi katika mpira wa pete wa darasa la nne. Aliyewahi kuhesabu sekunde tatu moyoni huku watu ishirini wanampigia kelele, hatamtukana mwamuzi kirahisi. Na wilaya itajikuta ina waamuzi ambao leo haina.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni mitambo. Ni kweli mitambo imeingia. Kombe la Dunia la mwaka 2018 lilitumia refa wa video. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilipanua matumizi ya picha za marudio mwaka 2014, na Septemba 2025 ikaidhinisha kwamba kuanzia msimu wa 2026 wachezaji waweze kupinga hukumu ya mrusho na mtambo upime lile dirisha lisiloonekana. Vizuri. Lakini nani ataupeleka mtambo huo Kiongoroni? Na hata huko ulikofika, ubishi haujakwisha, umehamia kwenye mtambo. Kwa miaka mingi ijayo watoto wetu wataamuliwa na macho ya binadamu, kwa hiyo tushughulike na macho hayo.

Nitamalizia na kisa kimoja cha kweli. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji wa besiboli aitwaye Armando Galarraga alikuwa amebakiza mpigaji mmoja tu akamilishe mchezo kamili, yaani wapigaji ishirini na saba mfululizo watoke bila hata mmoja kufika kituoni. Jambo hilo katika ligi yao halijatimia mara thelathini kwa zaidi ya miaka mia moja. Mpigaji wa ishirini na saba akagonga mpira akakimbia, na mpira ukamtangulia kituoni. Mwamuzi Jim Joyce akanyosha mikono: amesalimika. Alikosea. Baada ya mchezo alitazama picha, akatoka mbele ya waandishi akasema wazi kwamba amekosea na kwamba amemnyang'anya kijana yule mchezo wake kamili. Galarraga hakumtukana. Siku iliyofuata ndiye aliyemkabidhi Joyce karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mchezo, na yule mwamuzi, mtu mzima, alikuwa akifuta machozi. Uamuzi wenyewe haukubadilishwa. Mpaka leo vitabu vinasema mpigaji yule alisalimika.

Wengi wakisimulia kisa hiki humsifu mwamuzi kwa kukiri. Mimi namtazama zaidi Galarraga. Hasara ilikuwa yake, ushahidi ulikuwa wake, dunia ilikuwa upande wake, na bado alijua kwamba mtu anayehukumu kwa macho mawili ipo siku yatamdanganya. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Naona tunaweza kuongeza kwamba hata anayejua kwamba hakushindwa kwa haki anaweza kuwa mshindani, kama atarudi uwanjani kesho.

Nahodha wa delta akifika mlangoni mwa mto, mahali ambapo mchanga huhama msimu hata msimu, hupima maji kwa upondo, hutazama rangi ya maji, kisha huamua: tupite hapa. Abiria hawamwingilii kumshika mkono. Siku akikwama, wanateremka, wanasukuma wote, na safari inayofuata wanaangalia kama amejifunza. Nahodha anayekwama kila siku hubadilishwa, tena kwa utaratibu, mkiwa nchi kavu. Haondolewi usukani katikati ya mawimbi.

Basi na mwalimu wetu mwenye filimbi tumtendee hivyo hivyo. Tumfundishe kabla ya mchezo, tumkosoe baada ya mchezo kwa maandishi na kwa adabu, na kama ni mpendeleo tumwondoe katika orodha. Lakini kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho, tumwachie uwanja wake. Watoto wanatutazama.